Waliotengana Nyumba Moja na Kodi ya Riba Yao

Nyinyi wasichana mnaomaliza skuli ya thanawiya na kuingia moja kwa moja kwenye ofisi ndogo za hesabu, najua mnavyofundishwa kazi. Mnapewa kiti, mnapewa kompyuta, mnaambiwa, "Tazama mwenzio anavyofanya." Mimi nilikuwa ndiye huyo mwenzio. Miaka tisa nimejaza fomu za kodi za Uingereza katika ofisi ya vyumba viwili hapa Maskati, Khuwair ya Kusini, juu ya duka la fundi wa abaya. Nimestaafu nina miaka thelathini na moja na mtoto wa miaka mitatu. Hakukuwa na keki.

Watu huniuliza, Maskati na kodi ya Uingereza wapi na wapi? Hapa hakuna anayekugongea mlango kukuuliza benki imekupa faida gani. Lakini jamaa zetu wengi walipotoka Unguja hawakuja huku kwanza. Walikwenda kule, wakafanya kazi, wakanunua nyumba, wakaweka akiba. Leo wanakaa miezi kule na miezi huku, na kwa hesabu ya kule bado wao ni wakaazi. Kila mwaka lazima waseme wamepata nini. Hapo ndipo wanapopanda ngazi kuja kwetu, wanahema, wanaulizia maji.

Jambo la kwanza mtakalokutana nalo ni riba. Hakuna mteja wa kwetu atakayelitamka neno hilo. Atasema "faida", atasema "kile kidogo cha benki", mmoja alikuwa akisema "ile takataka". Sasa nyinyi mkiuliza, "Una riba yoyote?" atajibu hana, na atakuwa hakusema uongo kwa anavyoona yeye. Mzee mmoja nilimjazia fomu miaka mitatu bila riba hata senti, mpaka barua ikaja kutoka kule na kiasi chote kimeandikwa, maana benki ilikuwa imekwisha kusema. Nikampigia simu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ile siili mimi," akasema. "Natoa yote kwa mafukara. Sasa kitu nisichokila nitakuwaje nimekipata?"

Mweleze basi. Kodi haiulizi umekila, inauliza umepewa. Tangu siku hiyo nikawa siulizi kama wana riba. Nasema, "Nipe karatasi za benki zote, hata za akaunti usizozipenda." Wanacheka, wanatoa. Hilo lichukueni, halikunigharimu kidogo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mwenye ofisi, Ami Nassor, mtu mzima aliyekaa Uingereza miaka mingi akifanya kazi za hesabu. Sina ugomvi na elimu yake. Alinifundisha kusoma fomu kuanzia nyuma, kwenye sahihi, kurudi mbele. "Tazama kwanza nani anasaini," alikuwa akisema. "Anayesaini ndiye wa kuulizwa. Mumewe asikujibie, mwanawe asikujibie. Mi n'nakwambia hivi kwa sababu kule hawatamuuliza mumewe." Alikuwa hata na hila yake: mume akizidi kusema, Ami anamtuma chumba cha pili kutoa kopi ya pasipoti, na mashine ile ilikuwa polepole makusudi. Mume akirudi, mke keshajibu.

Lakini huyo huyo Ami Nassor ndiye aliyeanzisha KMJ. Zamani, fomu zilipokuwa za karatasi na zinakwenda kwa posta, ulilazimika kuandika kila kitu upya, na ukiandika upya unasoma. Zilipohamia kwenye kompyuta, ya mwaka jana inajileta yenyewe: jina, anwani, hali ya ndoa, akaunti. Ami akawa anaandika kwa penseli juu ya faili herufi tatu, KMJ, yaani "kama mwaka jana". Faili lenye KMJ unalimaliza dakika ishirini. Nikawa hodari wa KMJ. Nilikuwa namaliza mafaili kumi na mbili kwa siku na kumuwahi mwanangu kwa mama yangu Al Khoudh kabla hajalala mchana.

Sasa niwaambie la Bi Thuwaiba, maana hilo ndilo nililokaa kuliandika.

Bi Thuwaiba alikuwa muuguzi hospitali za kule mpaka akapata pensheni. Mumewe, Bwana Hilal, alikuwa na duka, akaliuza. Fedha za duka zote ziliwekwa katika akaunti ya akiba yenye majina mawili, lake na la mkewe. Kila mwaka wanakuja wote wawili, mume anakaa mbele, mkewe kando na mkoba mapajani.

Sheria yenyewe fupi, msiogope. Mume na mke wanaoishi pamoja wakiwa na akaunti ya pamoja, faida yake inakatwa katikati. Nusu inahesabiwa ya mume na nusu ya mke, hata kama fedha zote katia mmoja. Wakitengana kwa kudumu, nusu kwa nusu inakwisha, na kila mtu anahesabiwa kwa fedha iliyo yake kweli. La pili: kule kila mtu ana kiwango cha mapato ambacho hakitozwi kodi. Sisi ofisini tukikiita msamaha. Mwenye mapato madogo msamaha wake haumalizi, na anaruhusiwa kummegea mwenzake wa ndoa kipande kidogo cha ule uliobaki. Bi Thuwaiba alimmegea mumewe zamani sana, wakati wakila sahani moja.

Mwaka huo walikuja kama kawaida. Dirisha langu linatazama maegesho. Niliona gari mbili. Bwana Hilal kashuka kwenye yake, Bi Thuwaiba kwenye yake, wakasubiriana chini kwenye ngazi ili wapande pamoja. Niliona kwa macho yangu, na nikajua nimeona nini, kwa sababu mimi mwenyewe mume wangu aliondoka nikiwa na mimba, na mpaka leo mama akiulizwa na majirani husema mkwewe yuko safari ya kazi. Sisi watu wa sitara. Mtu anaweza kuachwa miaka na viatu vya mume vikabaki mlangoni.

Wakakaa. Nikamuuliza nani? Nikamuuliza Bwana Hilal.

"Hali kama mwaka jana?"

"Kama mwaka jana," akasema. "Nusu yangu, nusu yake. Tena ingewezekana yote ingekuwa yake, mi sina haja na ile riba kuwa na jina langu."

Bi Thuwaiba alikuwa anaitazama mashine ya kopi. Sikumtuma mumewe kokote. Penseli ya Ami ilikuwa imekwisha kuandika KMJ. Dakika ishirini. Bi Thuwaiba akasaini, akafunga mkoba, wakashuka, na gari mbili zikaondoka moja kushoto moja kulia.

Baada ya miezi Bi Thuwaiba alirudi peke yake, na barua mkononi. Anadaiwa kodi. Pensheni yake peke yake haifiki kutozwa. Lakini ukiongeza nusu ya faida ya fedha isiyo yake, ambayo mwaka huo benki ilikuwa imeipandisha, na ukipunguza kile kipande cha msamaha alichommegea mumewe, anavuka. Yaani alikuwa analipia fedha ya mtu asiyesema naye, na huku kampa huyo mtu kipande cha msamaha wake mwenyewe.

"Mimi silalamiki kiasi," akasema. "Nitalipa, ninazo. Nnataka kujua tu kwa nini nimeandikwa hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi kama mke wa mtu anayekaa na mumewe."

Hapo nikaona aibu, na mimi nikiona aibu nakasirika, na nikikasirika nafanya kazi vizuri. Nikafunga mlango, nikageuza kiti kumtazama yeye. Nikauliza maswali niliyotakiwa kuuliza mara ya kwanza.

"Bi Thuwaiba, mmetengana?"

"Tunakaa nyumba moja. Madinat Sultan Qaboos, ile ile."

"Wewe unalala wapi?"

"Juu."

"Na yeye?"

"Chini. Kule Uingereza mimi nakaa kwa binti yangu, watu tunawaambia nalea wajukuu."

"Chakula chake nani anampikia?"

"Mtumishi."

"Na chako?"

"Mimi mwenyewe. Huko huko juu."

"Juu kuna jiko?"

"Nimenunua. La gesi, plate mbili." Akafungua mkoba, akatoa bahasha iliyojaa karatasi. "Risiti hii hapa, ya duka la Ruwi. Mimi situpi risiti, mwanangu. Nimeolewa na mfanyabiashara."

Risiti ilikuwa na tarehe. Mwaka mzima na zaidi kabla ya ile siku ya gari mbili. Na friji ndogo, risiti yake. Na fundi aliyepandisha bomba la maji, kaandika kwa kalamu nyekundu.

Shikeni hili, kwa sababu vitabu vitawaambia kwa maneno marefu: kutengana si lazima mtu ahame. Watu wawili wanaweza kuwa chini ya paa moja na wakawa nyumba mbili. Wanachotazama watu wa kodi ni maisha: nani anampikia nani, nani anamfulia nani, mnakula pamoja au la, fedha zenu zinachanganyika au la. Msiulize anwani mkadhani mmeuliza ndoa. Ulizeni jiko.

Likabaki swali moja, na hilo ndilo lililotukalisha. Kule wanataka kujua kama utengano unaelekea kuwa wa kudumu. Nikamsomea kwa Kiswahili.

"Astaghfirullah," akasema. "Mtu ataandikaje hivyo? Hayo si ya Mungu?"

"Hawaulizi ya Mungu. Wanauliza wewe unaonaje."

"Hata yeye hajaniacha. Hapana talaka."

"Talaka hawakuiuliza."

"Binti yangu atasemaje? Na shemeji zangu?"

"Fomu hii hawaisomi shemeji zako."

Akazipanga risiti zake upya, moja moja, kwa tarehe. Chini mashine ya fundi wa abaya ilikuwa ikienda na kusita. Alichukua muda mrefu kuliko faili zima la KMJ.

"Wewe una mume?" akaniuliza.

"Karatasi zinasema ninaye."

Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa. "Haya. Andika ndiyo."

Nikaandika. Marekebisho ya fomu yake, ya mwaka ule: kwamba faida ya akaunti ile isihesabiwe nusu, ihesabiwe kwa mwenye fedha, na ushahidi huu hapa wa fedha za duka, na risiti hizi. Na kile kipande cha msamaha akakirudisha. Hapo sikilizeni tena: aliyemega ndiye anayesimamisha. Hahitaji ruhusa ya mumewe wala sahihi yake. Ila kusimamisha kunashika kuanzia mwaka unaokuja, ya nyuma yamekwenda. Nilimwambia hivyo hivyo, sikumpaka mafuta. Akasema, "Yaliyokwenda mengi, mwanangu. Hicho kipande kidogo."

Ilihitajika na barua ya kueleza kwa nini fomu ya mwanzo ilisema wanaishi pamoja. Barua hiyo ndiyo iliyonistaafisha.

Ami Nassor aliisoma amesimama. Alikuwa na tabia ya kuvua miwani akikasirika, kama vile hataki kukuona vizuri.

"Hii 'sikumuuliza' ni nini?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Ami. Sikumuuliza."

"Ofisi haiandiki hivyo. Andika mteja hakutuarifu."

"Tukiandika hakutuarifu, wataona mtu anasema hivi mwaka huu na vile mwaka ule. Wataona anatunga. Yeye hakusema uongo, alisaini tulichomwekea."

"Ruqaya, watu hawa n'nawajua toka Unguja. Mafaili kumi na moja ya ukoo wao yako kwenye kabati lile. Hilal akisikia tumeandika mkewe katengana naye, na wao wenyewe hawajamwambia mtu, utabakisha hata moja?"

"Si ndiwe uliyenambia anayesaini ndiye wa kuulizwa?"

"Nilikwambia uulize. Sikukwambia uchimbue."

"Mwanamke kanunua jiko, Ami. Sikuchimbua, lilikuwa juu ya meza."

Akasema mambo ya sitara. Akasema mimi nina yangu moyoni, namuona Bi Thuwaiba najiona mwenyewe. Kwa hilo nilimjibu kuwa inawezekana, lakini sheria ya akaunti ya pamoja haijali moyo wangu. Nikaisaini barua kwa jina langu, Bi Thuwaiba akasaini yake, nikaipeleka. Nilikuwa na ruhusa ya kupeleka kazi bila ya yeye kupitia, miaka minne nilikuwa nayo. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza niliitumia nikijua anakataa.

Habari ikamfikia Bwana Hilal, sijui kwa nani, akapiga simu. Hakumpigia Ami, alinipigia mimi.

"Wewe mtoto umenivunjia nyumba."

"Bwana Hilal, nyumba ilikuwa na majiko mawili kabla sijaijua."

"Na riba yote sasa iwe kwangu? Mimi mtu wa msikitini, watu wananijua."

"Fedha si yako?"

"Fedha yangu. Riba si yangu."

"Basi iondoe kwenye akaunti inayotoa riba, uiweke kwenye isiyotoa. Hilo hata bure nakushauri."

Akakata. Mpaka leo naona ule ulikuwa ushauri mzuri, na laiti angepewa mwaka wa kwanza pasingekuwa na kisa.

Wiki ya pili Ami Nassor aliniita. Alikuwa mpole. Alisema nimechoka, nina mtoto mdogo, kazi hii inataka mtu asiye na mawazo, nipumzike kidogo. Nikamuuliza kidogo kiasi gani. Akasema tutaona, inshallah. Hiyo inshallah nyinyi mnaijua. Nikachukua kikombe changu na sandali zangu za chini ya meza. Nilikuwa na hasira mpaka nikasimama kwenye maegesho hali ya hewa digrii arubaini na kitu nikijaribu kutia ufunguo wa nyumba kwenye mlango wa gari. Sikulia. Mnaponisikia naeleza hivi kwa utaratibu msidhani imepoa. Nimejifunza tu kuiweka mahali pake kama karatasi.

Yule aliyechukua kiti changu ni mmoja wenu. Sikujui jina. Kama faili la mtu lina KMJ kwa penseli, chukua kifutio. Hutachelewa sana. Swali ni moja, "Tangu mwaka jana nini kimebadilika nyumbani?" kisha nyamaza, na umtazame mwenye kusaini, hata kama mwingine ndiye anayezungumza. Wengi watasema hakuna. Mmoja katika hao ataitazama mashine ya kopi.

Jibu la kule lilichukua muda. Lilipokuja, lilikwenda kwa Bi Thuwaiba mwenyewe, na yeye akaja nalo Al Khoudh kwa mama yangu, ninapokaa. Aliulizia nyumba kwa simu mara tatu, akaegesha gari upande wa chuo akatembea. Mwanangu alikuwa amelala. Mama akaleta kahawa na tende, akamuuliza hali ya Bwana Hilal kama inavyopasa, na Bi Thuwaiba akajibu hajambo, kama inavyopasa. Mama akarudi jikoni.

Akatoa barua kwenye bahasha, bado imekunjwa vizuri.

"Nisomee," akasema.

Nikaisoma kama ilivyo, kwa Kiingereza. Ilikuwa kurasa mbili. Wamekubali. Faida ya akaunti imeondolewa kwake, deni limefutwa, kipande cha msamaha kimerudi kwake kuanzia mwaka unaofuata. Na katikati, mstari mmoja: kwamba kwa ushahidi alioleta wanamhesabu kuwa ametengana na mumewe kwa kudumu tangu mwezi ule, wakautaja, mwezi wa jiko.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Akanywa kahawa. Kisha akaniomba mara ya tatu, na nilipokuwa naukuta ule mstari ndipo likanijia. Mwanamke huyu kasoma majina ya dawa na faili za wagonjwa kwa Kiingereza maisha yake yote ya kazi. Yeye ndiye angeweza kunisomea mimi, tena bila kukosea neno.

Nikamtazama. Akaweka kikombe chini.

"Kwa Kiswahili," akasema. "Na sauti ipandishe kidogo. Huo mlango uache wazi, mama yako asikie."

Nikasoma.